Shule Iliyozaliwa Chini ya Nyumba Yangu

Shemeji yangu Nhia Chou Lor alisimama mbele ya wazazi, watoto na ukoo mzima wa Lor, akashika kipaza sauti, akasema shule yetu ilizaliwa sebuleni kwake. Alisema uongo. Shule ile ilizaliwa katika chumba cha chini cha nyumba yangu, Mtaa wa Edmund, hapa St. Paul, kati ya mashine ya kufulia na magunia ya mchele. Alifuta jina langu na majina ya wenzangu kwa sentensi moja, watu wakampigia makofi, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sinia la kuku mikononi.

Nimeanza na hilo ili lisipotee katikati ya mengine, maana mengine ni ya kushusha pumzi. Shule ipo. Haikufungwa. Asubuhi ya leo nimemsindikiza mjukuu wangu hadi mlangoni, akanigeukia akaniambia kwa Kihmong, lugha yetu, "Bibi, usinifungie kofia kama mtoto mchanga," nikacheka barabara nzima hadi nyumbani. Mtu aliyewahi kukaa miezi akiogopa kwamba sauti hiyo itamtoka mtoto ndiye anayejua kwa nini nilicheka.

Naitwa Blia Khang. Sikusoma. Nilizaliwa milimani Laos wakati wa vita, na umri wa kwenda shule ulinikuta mgongoni kwa dada yangu tukikimbia msituni. Mto Mekong tuliuvuka kwa mianzi tuliyoifunga makwapani. Ng'ambo, Thailand, palikuwa na kambi, na ndani ya kambi palikuwa na shule kwa wavulana wenye bahati. Sisi wasichana tulishona. Sikuwa nimemaliza kukua Chai Lor aliponichukua kuwa mke wake, tena alinichukua kwa kunivuta mkono, mbele ya kisima, wenzangu wakiangalia. Namshukuru Mungu au yeyote aliyenipangia kwamba Chai aligeuka kuwa mtu mwema. Wengine waliochukuliwa mwaka ule hawakupata hiyo bahati.

Tulifika Minnesota majira ya theluji, tumevaa ndara. Chai alikodi kipande cha shamba nje ya mji, tukalima pilipili, mchaichai, matango na majani ya haradali, Jumamosi tukauza sokoni. Tukazaa. Mtoto wetu wa kwanza, Kong, alikwenda shule ya serikali karibu na nyumbani. Alipoingia alikuwa na maneno yetu yote kinywani. Mwalimu alimwambia akaongee Kiingereza nyumbani, apate kuwafikia wenzake. Kong ni mtoto mtiifu, akatii. Miaka ikapita. Nikimwambia, "Kula, mwanangu," ananijibu kwa Kiingereza. Mimi nasema hiki, yeye anasema kile, tukawa kama redio mbili katika chumba kimoja.

Nilidhani ndivyo maisha ya huku yalivyo. Kisha Chai akaanguka shambani, kati ya matango, moyo ukasimama.

Mazishi yetu ni ya siku kadhaa. Ngoma inapigwa, filimbi ya mianzi inapulizwa, na mwimba njia anakaa karibu na maiti akimwongoza marehemu arudi mji kwa mji, kila alipowahi kuishi, mpaka kijiji alichozaliwa, ndipo aende kwa wazee wake. Baadaye wazee huwageukia watoto wa kiume, huwapa maneno ya baba yao, na watoto hupiga magoti wakajibu. Kong alikuwa mbele. Binamu yake alimvuta shati kila wakati wa kupiga magoti ulipofika. Alipopaswa kujibu, hakujibu. Aligeuka akanitazama, mtu mzima mwenye ndevu, kwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni, akaniuliza kwa Kiingereza, "Wanasema nini?"

Na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kuuzia matango. Najua kutaja bei, najua "asante, karibu tena." Sikuwa na maneno ya kumwambia mwanangu kwamba baba yake anamuaga na ni zamu yake kumjibu. Tukatazamana tu juu ya jeneza la Chai, mama na mwana, kama wageni wawili kwenye kituo cha basi.

Shule ilianzia hapo. Kabla ya chumba cha chini, kabla ya yote, ilianzia kwenye macho yale.

Baada ya mazishi wanawake walikuwa wakija kwangu mchana, kukaa nami katika huzuni yangu na kushona. Tulishuka chini kwa sababu kulikuwa na joto la tanuri la kupashia nyumba. Alikuja Bao, mjane kama mimi lakini mkongwe, hana meno ya mbele ila ulimi wake una meno. Alikuja Chia, ambaye huuza mboga meza ya jirani yangu sokoni. Na siku moja Chia alikuja na binti wa dada yake, Xee Vang, aliyekuwa ametoka kumaliza chuo cha ualimu. Walimkuta Bao akilalamika kama kawaida yake.

"Wajukuu zangu kumi na kitu," alisema, "hakuna hata mmoja wa kuniuliza nimelalaje. Wanakuja, wanafungua friji, wanaondoka. Nikifa watanizika kama mbwa aliyegongwa na gari, hawatajua hata wanielekeze wapi."

"Wewe njia ya kwenda kwa wazee utaijua mwenyewe," Chia alimwambia. "Utawafuata kwa kelele."

"Nyamaza, wewe ambaye mwanao anamwita mbuzi kuku."

Tulicheka, lakini Xee hakucheka. Alisema, "Shangazi, nchi hii ina sheria. Watu wa kawaida wanaweza kuanzisha shule yao. Serikali inalipa kama inavyolipia shule nyingine, ila wao ndio wanaoiendesha, kwa mkataba. Mnaandika mnachoahidi kuwafundisha watoto. Msipotimiza, mnafungiwa."

"Watu gani wa kawaida?" nikamwuliza.

"Kama nyinyi."

Bao alimtazama akatazama mashine ya kufulia, akaniambia, "Mama Kong, huyu mtoto anatutania?"

Hakuwa anatania. Alirudi wiki iliyofuata, akakaa juu ya gunia la mchele, akatuuliza kila mmoja: shule hii mnataka ifanye nini? Chia alitaka watoto wajue hesabu barabara, maana wa kwake alikuwa akikosea chenji na kumpunja mama yake mwenyewe sokoni. Mimi nilisema wasichana wamalize masomo kwanza, mtu asichukuliwe kisimani. Mwanamke mwingine alisema Kiingereza kizuri, kizuri kabisa, cha mawakili, ili asiwepo wa kuwadharau. Mwingine akasema waijue heshima: nani ni baba mkubwa, nani ni shangazi, humwiti mkubwa wako jina lake kama unamwita paka. Bao alisubiri wenzake wote wamalize. Kisha alisema, "Mimi nataka mtoto aweze kuongea na bibi yake bila mkalimani. Hayo yenu yatafuata."

Xee aliyaandika maneno hayo, na ndiyo yakawa sentensi ya kwanza ya mkataba. Yalitoka kinywani mwa mwanamke asiye na meno, chini ya nyumba yangu, huku nguo zikizunguka kwenye mashine.

Tulikwenda mlango kwa mlango kutafuta wazazi. Theluji mpaka magotini. Wengine walitufungulia, wengine walitutazama kwenye dirisha wakazima televisheni tudhani hawapo. "Shule ya akina mama wa kushona?" mwanamume mmoja alituambia. "Mtawafundisha watoto kutunga sindano?" Bao alimjibu, "Wako tutaanza kwa kumfundisha kufungulia wakubwa mlango." Yule bwana leo ana watoto wake watatu pale.

Sheria ilitaka shule iwe na msimamizi, na chuo kilichokubali kutusimamia kikauliza mwenyekiti wetu ni nani. Tukatazamana. Mwenye Kiingereza cha ofisini alikuwa Xee peke yake, na Xee ni kijana, hajaolewa, ukoo usingemsikiliza. Ndipo tukaenda kwa Nhia Chou, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, aliyekuwa askari zamani na sasa anauza bima, mtu wa suti. Tulimpelekea kuku na chupa ya pombe kama desturi inavyotaka, tukamwomba atusimamie mbele ya watu. Alitusikiliza akiwa amekunja nne. Akasema atafikiria. Tulipopata jengo, duka la zamani la mazulia, akawa ameshafikiria.

Sitamnyima haki yake. Anajua kusema na wakubwa, na alipata vitabu na madawati tuliyokuwa hatuna. Xee alichukua darasa la kwanza. Mimi na wenzangu tuliingia jikoni, lakini kila asubuhi kabla ya jiko, bibi mmoja aliingia kila darasa. Tuliwapa watoto hadithi, tukawashonesha, tukawafundisha majina ya ukoo na namna ya kupokea kitu kwa mikono miwili. Na watoto wakianguka uwanjani tuliwafundisha tunachofanya sisi: mtoto akishtuka, roho yake hubaki pale alipoanguka, na usipoiita hapo hapo mwili utaanza kunyong'onyea, hatakula, hatalala. Kwa hiyo unaiita. Unaiambia irudi nyumbani, chakula kipo, watu wake wapo. Watoto walilipenda somo hilo kuliko yote. Walikuwa wakijiangusha makusudi.

Kong alimleta binti yake, Gaonou. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikumwuliza, na kwa lugha ipi ningemwuliza? Mwaka haujaisha, yule mtoto alikuwa amekaa kati yetu mezani akimwambia baba yake kwa Kiingereza ninachosema mimi, na mimi kwa lugha yetu anachosema baba yake. Siku moja akachoka, akasema, "Nyie wakubwa, jifunzeni basi." Niliona Kong anacheka mpaka anafuta macho.

Mkataba wetu ulikuwa na mwisho. Muda wake ulipokaribia kwisha, chuo kilisema kitatuma wageni kuja kuona kama tunastahili kuendelea. Mitihani ya kusoma Kiingereza ilikuwa imetuangusha, hilo silifichi. Wazazi wakaanza kunong'ona. Mimi niliogopa kitu kimoja tu: shule ikifungwa, Gaonou atarudishwa shule ile ile iliyompoteza baba yake, na yale maneno yatamtoka kama yalivyomtoka Kong. Nilikuwa nikimsikiliza akihesabu ngazi kwa lugha yetu, najisemea moyoni, labda hii ndiyo mara ya mwisho.

Jioni ya kuamkia siku ya wageni, Nhia Chou akaja nyumbani kwangu. Hakukaa.

"Shemeji, kesho usije."

"Nisije wapi?"

"Shuleni. Wewe, na Bao, na wale wengine. Wageni wakikuta vikongwe wasio na cheti madarasani, tumekwisha."

"Na nani atapika?"

"Mao atapika." Mao ni mke wake.

Nilishindwa kujizuia. "Mao? Shemeji, Mao akichemsha maji yanaungua."

"Usimtukane mke wangu. Wageni lazima wale vizuri. Na kesho ni Kiingereza tupu, nimeshawaambia walimu. Ile shuka yenu ya picha pale mlangoni nimeishusha. Ina askari na bunduki, wageni watafikiri nini?"

Ile shuka tuliishona miezi mingi: milima, mto, mianzi, sisi ndani ya maji. Sikuisemea. Nilisema, "Lakini shemeji, tuliahidi lugha. Mkataba unasema..."

"Wewe umeusoma mkataba?"

Akanitazama mpaka nikashusha macho. Alijua sikuusoma na kwamba siwezi kuusoma. Akavaa glovu zake akaondoka, akaacha mlango wazi, baridi yote ikaingia ndani.

Mbele ya shule, ng'ambo ya barabara, pana duka la kufulia nguo kwa mashine. Asubuhi nilichukua nguo, safi na chafu, nikaenda kukaa dirishani. Nikamkuta Bao keshafika, ana blanketi moja kwenye mfuko.

"Umeleta blanketi kufua?" nikamwuliza.

"Nimeleta macho kufua. Kaa."

Tukakaa. Tuliwaona wageni wakiingia: mama mmoja wa Kizungu mzee, buti kubwa, anaitwa Bi Halvorsen, na kijana wa kiume aliyebeba mkoba. Nhia Chou aliwapokea mlangoni akainama kidogo kama mhudumu wa hoteli. Bao akasema, "Mwone. Mgongo wake kumbe unapinda." Kisha mlango ukafungwa na hatukuona kitu zaidi ya ukuta.

Kilichotokea ndani aliniambia Xee baadaye. Nhia Chou alitaka wageni waingie madarasani wakiwa wameshashiba, maana kwetu mgeni hahesabu makosa ya nyumba iliyomlisha. Mao alikuwa jikoni akikaanga vikunjo vya unga vyenye nyama na tambi ndani, vingi, mafuta yanachemka. Lile jiko lina feni ya kuvuta moshi, na swichi yake iko nyuma ya kabati la masufuria. Sisi tunaijua. Mao hakuijua na hakukuwa na wa kumwonyesha, maana wa kumwonyesha tulikuwa tumekaa tunatazama nguo zikizunguka. Moshi ukajaa, king'ora cha moto kikalia jengo zima.

Sisi tulikisikia mpaka ng'ambo. Milango ikafunguliwa na watoto wakatoka mistari mistari, bila makoti, na walimu, na wageni, na nyuma yao Mao anakohoa na koleo la jikoni mkononi. Bao aliniangukia begani kwa kicheko. Mimi nilikuwa namtafuta Gaonou. Nikamwona anashuka ngazi, na kwenye ngazi ya mwisho palikuwa na barafu. Miguu ikaruka juu. Akaanguka kwa mgongo, kisha akakaa kitako kwenye theluji, hatikisiki, halii. Macho yametulia mahali pasipo na kitu.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni pa duka. Bao alinikamata mkono.

"Kaa!"

"Mjukuu wangu huyo!"

"Namwona. Ukivuka, wageni watauliza wewe nani, na Nhia Chou atasema wewe ndiye uliyeiua shule. Atalisema mpaka kaburini. Mama Kong, kaa."

Nilishika kitasa. Mlango ulikuwa umefunguka nusu, baridi inanipiga usoni, na nilikuwa na mambo mawili ya kuogopa na yote yalikuwa mtoto yule yule. Nikivuka, huenda nikampotezea shule. Nisipovuka, kitabaki kitu chake pale kwenye barafu. Sijawahi kusimama mahali pagumu kama pale, hata mtoni.

Mwalimu Xee alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamwuliza kwa Kiingereza kama ameumia, kama walivyoagizwa. Gaonou hamjibu. Nhia Chou amesimama pembeni anatabasamu kwa meno tu.

Ndipo watoto wa darasa lake wakavunja mstari. Hawakuambiwa. Walimzunguka, na binti mmoja mwenye mikia miwili ya nywele akaanza, kwa sauti ile ile anayonisikia mimi nikiitumia: "Njoo nyumbani, roho ya Gaonou! Usikae kwenye barafu, utaganda!" Na wengine wakadakia, kwa lugha yetu, wote kwa pamoja, wanatetemeka kwa baridi. "Njoo, wali umeiva!" "Njoo, bibi yako anakungoja!" Mmoja akapaza sauti kuliko wote, "Njoo upesi, leo kuna pizza!"

Gaonou akageuza kichwa. "Hakuna pizza," alisema. "Leo ni Jumanne."

Akasimama, akajipangusa theluji makalioni. Nikaachia kitasa. Nikakaa chini, pale pale sakafuni kwenye maji ya buti za watu, na Bao akakaa kando yangu, tukashikana kama wasichana.

Niliyoyakosa hapo aliniambia Xee. Bi Halvorsen alimwuliza watoto wanasema nini. Xee alimtazama Nhia Chou, naye akatikisa kichwa: usiseme. Xee akasema. Akaeleza yote, roho, kuanguka, kuita. Yule binti wa mikia miwili alikuwa anasikiliza, akamvuta Bi Halvorsen koti, akamwambia, "Na wewe uliruka king'ora kilipolia. Nilikuona. Ita na yako." Yule mama mzee akainama pale kwenye theluji, akamwambia mtoto amfundishe, akayasema maneno kwa ulimi mzito, watoto wakamcheka na kumsahihisha mpaka akayapata.

Kisha akamgeukia shemeji yangu. "Mkataba wenu unaanza na bibi," alimwambia. "Tangu asubuhi sijaona bibi hata mmoja. Nani aliwafundisha hawa?"

Kabla hajajibu, watoto wakanyoosha mikono, wote, kuelekea ng'ambo ya barabara, dirishani kwetu. Mimi nilikuwa nimeshainuka, nipo dirishani. Nilimwona yule mama ananitazama. Nilimwona Nhia Chou ananitazama.

"Huyo ni jirani," shemeji akamwambia, na Xee akasikia. "Huja pale kufua nguo."

Mjane wa ndugu yake tumbo moja. Jirani.

Majibu yalikawia. Nilipika, nikashona, nikaenda kazini jikoni kama kawaida, maana siku ya pili yake Nhia Chou mwenyewe aliniita nirudi, jiko linanuka moshi na watoto hawataki kula. Kila simu ilipolia nilishtuka. Kisha mchana mmoja Xee alikuja jikoni mbio, kitambulisho kinarukaruka kifuani, akanikumbatia kwa nyuma nikiwa na mikono ndani ya unga.

"Shangazi, tumepewa! Tumepewa miaka mitano!"

"Sema tena."

"Mitano! Wanataka tupandishe kusoma na hesabu. Na wanataka somo la bibi liwe kwenye ratiba kila siku, kila darasa, bila kukosa."

Sikulia. Nilikwenda nikakaa kwenye kreti ya maziwa nyuma ya friji. Kifua changu kilifunguka taratibu, kama mtu anayekufungulia kitenge kilichokukaza tangu mazishini. Nilikaa pale nikivuta pumzi tu, nikiivuta na kuiachia, na hakuna chakula nilichowahi kula kikawa kitamu kama ile hewa yenye harufu ya vitunguu. Jioni nilimsikiliza Gaonou akipanda ngazi anahesabu, na sikujisemea chochote. Nilimsikiliza tu.

Ikafanyika karamu ukumbini, nguruwe, wali wa kunata, kuku wa mitishamba, kila mtu. Na hapo Nhia Chou akashika kipaza sauti. Alisimulia jinsi alivyokaa sebuleni kwake usiku na mchana akiwaza watoto wa Wahmong. Alimshukuru mke wake. Aliwashukuru "akina mama wa jikoni," bila jina. Bao alikuwa kando yangu, akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu, "Sebule gani? Ile yenye makochi yaliyofunikwa plastiki, yasiyoruhusiwa mtu kuyakalia?" Wanawake wakaficha nyuso kwenye mikono. Lakini wanaume walipiga makofi.

Kong alikuwa ameketi nyuma yangu na binti yake. Nilihisi mkono wake begani. Alikuwa ameinuka, akaniinamia sikioni, akatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani, akayapata moja moja, akasema kwa lugha yetu, vibaya, lakini yote: "Mama. Kwa nini baba mkubwa anasema uongo?"

Tangu azaliwe sikumbuki sentensi iliyonituliza kama ile. Sasa kila Jumapili anakuja, Gaonou anamfundisha, nami nakaa nasikiliza.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nimeridhika, nitamwambia ndiyo, kwa shule, kwa mjukuu, kwa mwanangu. Ile shuka ya picha imerudishwa mlangoni. Bao yumo darasani kila asubuhi, anawatukana watoto kwa upendo, na keshachagua msichana mmoja anayemfundisha nyimbo za njia ingawa wazee wanasema hiyo ni kazi ya wanaume.

Nhia Chou hupita jikoni akiniuliza hali, kana kwamba hakuna kilichotokea. Namjibu salama. Ila yeye ni Mhmong na anajua desturi kuliko mimi. Anajua mtu aliyemvunjia mwenzake heshima mbele ya watu hufanyaje. Anatafuta wasemaji wawili wanaoheshimika, anakwenda nao nyumbani kwa aliyemkosea, mchana, watu wakiona. Wanakaa mezani, vikombe viwili vinamiminwa, na kosa linatajwa kwa jina lake: kwamba shule ilizaliwa Mtaa wa Edmund, chini ya nyumba ya Blia Khang, mke wa ndugu yake, na kwamba mwanamke aliyekuwa dirishani siku ile hakuwa jirani. Kisha anapiga magoti mara mbili. Hajaja. Bao hawezi kuja kwa niaba yake, Xee hawezi, bodi haiwezi, na barua siitaki, maana siwezi kuisoma na yeye anajua. Lazima aje Nhia Chou Lor mwenyewe: yeye ananidai ninyamaze, na mimi namdai magoti yake na ulimi wake.